Ombi Lako Halijasahaulika, Linapumzika

3 Februari

Mpwa wangu,

Hujambo mwanangu, na kazi haijambo? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mjomba wako aliyetutangulia, naye nadhani ana raha kuliko sote, kwa sababu hadaiwi tena viatu.

Watu bado wanakuja kunipa pole. Wengi wanatoa pole macho yakiwa kwenye rafu nyuma yangu. Siku ile ya mazishi yenyewe mtu mmoja alinishika mkono, akafuta machozi, akanisogelea sikioni: "Pole sana, mama. Samahani, vile vyangu vyeusi vya kamba, alishavishona?" Nilicheka palepale makaburini. Shemeji zangu wakadhani uchungu umenipanda kichwani, wakanishika kila upande nisianguke.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono. Nimekupigia, simu inaita tu. Mama yako anasema kazini mnazifungia kwenye droo. Halafu siku hizi karatasi naipenda. Hainiambii kwanza nithibitishe kwamba mimi si mashine.

Sasa jambo lenyewe. Nataka kuifungua karakana ya mjomba wako. Wewe umekulia mle, unajua: kushona kwa mkono naweza, lakini mashine ya kusaga soli haiendi bila umeme. Viatu alivyoviacha nataka nivimalize, kila mtu apewe chake, asiwepo wa kusema fundi alikufa na kiatu changu. Tatizo ni kwamba umeme umezimwa, na chanzo ni mimi.

Nilifanya kosa la kusema kweli. Kwenye huduma ya simu ya kampuni ya umeme kuna binti wa picha, ana vipokea sauti kichwani na meno yote nje. Mimi namwita Meno. Nilimwandikia kwamba mwenye mita amefariki, naomba mita iandikwe jina langu. Akanijibu: "Asante kwa taarifa. Ili kuendelea, tafadhali mwombe mwenye mita athibitishe." Nikamwambia tena, amefariki. Akasema: "Tumeelewa. Je, angependa kupokea taarifa zetu kwa ujumbe mfupi?" Hapohapo mita ikazimika. Tangu hapo nikiingiza tokeni inaandika SUBIRI MWENYE MITA. Hata mimi ningependa kumsubiri, mwanangu, lakini mimi nilimwona akifukiwa.

Nikaenda ofisini kwao. Mlango umefungwa, umebandikwa tangazo kwamba huduma zote zimehamia mtandaoni. Mlinzi yupo, analinda mlango usiofunguka. Nikamwuliza, "Baba, humu ndani hakuna mtu hata mmoja?"

"Wapo, mama, nawasikia wakicheka. Lakini hata mimi likizo yangu naombea kwenye simu, na mwaka jana iliniambia mimi sifanyi kazi hapa."

Mwenye nyumba naye alikuja Ijumaa, kama kawaida yake ya kila Ijumaa, ila safari hii hakukaa. Amesema chumba kisichofanya kazi ni ghala, na kuna muuza simu anakitaka. Amenipa mpaka mwisho wa Mei. Mashine isipolia kufikia hapo, nitoe vitu.

Wewe umesoma, unafanya kazi za kompyuta, ingawa sijawahi kuelewa hasa unaandika nini huko. Nieleze namna ya kuongea na huyu Meno.

Nakushika mkono, wangu una gundi,
Mkaza mjomba wako


27 Februari

Mkaza mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikaa mapokezi muda mrefu kwa sababu hapa hakuna aliyejua barua ni kitu cha kufanywa nini. Mwishowe mfagizi ndiye aliyenitafuta, akaniletea kama amebeba yai.

Mama anakusalimu sana. Goti lake limepona, ila akimwona mkwe wake bado linachechemea. Mimi nimehamia chumba kingine. Jirani wa juu anavaa viatu vya kisigino hata akiwa ndani, na kisigino kimoja kimelegea. Nakisikia, ko, kaa, ko, kaa. Mjomba angepanda ngazi akamvue.

Kuhusu mjomba siandiki. Nimejaribu, nimechana.

Kuhusu Meno: usimweleze habari ndefu, haelewi. Mwandikie maneno mawili tu, "badili jina," halafu fuata anachokuuliza. Akikuuliza kama jibu limekusaidia, usibonyeze ule uso unaocheka, hata kwa adabu. Ukiubonyeza, jambo lako linahesabiwa limekwisha na faili linafungwa. Na tafadhali usimtukane. Akitukanwa anaomba radhi, na akishaomba radhi anaanza upya tangu kwenye salamu.

Uliuliza naandika nini. Ni maneno ya makampuni tu. Maelekezo, majibu, vitu vidogo vidogo. Havina hata maana ya kueleza.

Usikubali wenye viatu wakukoseshe usingizi.

Mpwa wako anayekuwaza kuliko anavyoandika


16 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nyingi, na mwambie wifi yangu nimelisikia hilo la goti, nimecheka mpaka nikajichoma sindano. Huku mvua imeanza, paa la karakana linavuja palepale lilipokuwa linavuja, kwa hiyo ndoo inajua pa kukaa.

Mwanangu, kumbe ule uso! Nilikuwa naubonyeza kila siku. Nilidhani ndiyo kuaga. Unaondokaje kwa watu bila kuwaachia uso mzuri? Kumbe kila nikimchekea, yeye anafunga faili langu. Hapa nilipo nimeshachekesha mafaili yangu yote yakafa.

Basi nikafuata maagizo yako. Kwanza akanionyesha picha ndogo ndogo, akataka nichague zote zenye taa za barabarani. Picha moja ina nguzo bila taa. Je, nguzo ni taa? Nimeichagua, akakataa, nimeiacha, akakataa. Nilipopita nikaandika "badili jina." Akajibu: "Asante. Jina lako jipya ni Badili Jina. Tutakuita hivyo kuanzia sasa." Na anatimiza ahadi, maana kila asubuhi simu inalia: "Habari za leo, Badili Jina!" Ndiyo salamu ya kwanza ninayoipata siku hizi, sijui nimchukie au nimshukuru.

Sasa nisikilize vizuri. Juzi nilimwandikia kwa hasira kwamba nimesubiri vya kutosha. Akanijibu: "Tungeweza kukujibu leo, lakini tunakuheshimu." Nikajikuta natabasamu, sijui kwa nini. Nikaandika: mmenisahau. Akajibu: "Ombi lako halijasahaulika, linapumzika."

Niliilaza simu kifudifudi mezani, nikatoka nje kidogo.

Mwanangu, katika dunia nzima namjua mtu mmoja tu aliyewahi kumwambia mteja kwamba kiatu chake hakijasahaulika, kinapumzika. Na yeye huyohuyo ndiye aliyesema, "Ningekupa leo, lakini nakuheshimu." Unamkumbuka alivyokuwa? Akisema kweli aliisema na misumari mdomoni. Akitaka kudanganya aliitoa kwanza, akaipanga juu ya goti, ndipo uongo utoke safi. Na mteja anaondoka mikono mitupu huku anashukuru! Mimi nilikuwa nyuma nakata ngozi, nimejiuma midomo nisicheke. Wewe ulikuwa chini ya meza, unapanga visigino kama familia: baba, mama, watoto.

Simlaumu mtu. Nauliza tu. Hayo maneno yamefikaje kwa Meno?

Tangu siku ile namwandikia hata nikiwa sina shida. Jana nilimwuliza kama amekula. Akanijibu kwamba malalamiko yangu yamepokelewa.

Mkaza mjomba wako, ambaye sasa ni Badili Jina


2 Aprili

Mkaza mjomba,

Shikamoo. Mama mzima. Jirani wa juu kang'oa na kisigino cha pili, sasa anatembea sawasawa, tunalala.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Sitaijibu yote.

Nijibu wewe kitu kimoja, tena upesi. Wale wateja wa mjomba waliowahi kuondoka na viatu vyao, walifanyaje? Najua walikuwepo. Nakumbuka mlango ukifunguka na mtu akitoka na mfuko. Lakini mimi nilikuwa chini ya meza, niliona miguu tu.

Mpwa wako


14 Aprili

Mpwa wangu,

Nimepata barua yako fupi kama sketi ya ujana wangu. Hujajibu, na kutojibu kwako nimekuelewa. Ni ukoo wenu huo. Mkibanwa, mnauliza swali. Mjomba wako siku aliponiposa nilimwuliza kama ana nyumba, akaniuliza kama napenda kuku.

Huku tu wazima. Ndoo imejaa.

Haya, nikujibu. Wenye kelele hawakupata kitu. Aliyekuja na matusi mjomba wako alimfurahia, maana matusi yanachukua muda na muda ndio aliokuwa anautafuta. Aliyelia alipewa leso. Aliyekuja na cheo chake aliambiwa kiatu cha mtu mkubwa kinastahili uzi maalumu, na huo uzi uko njiani. Uzi gani? Njia gani? Tulikuwa na uzi wa aina moja maisha yetu yote.

Waliopata ni waliokaa. Unamkumbuka yule mkunga mwenye miguu mipana? Bila shaka unaikumbuka miguu. Aliingia, akasalimu, akaketi kwenye benchi, akatoa sindano zake za kufumia. Mjomba wako akatoa misumari mdomoni.

"Dada yangu, gundi haijakauka."

"Eee," mkunga akasema, anafuma.

"Na ngozi nimeagiza, si unajua ngozi za siku hizi."

"Eee."

"Ningekupa leo hii, ila nakuheshimu."

Mkunga hata hakuinua macho. "Mimi nimezalisha wanawake kibao waliosema hawako tayari. Endelea tu kuongea, kitatoka."

Mjomba wako maneno yakamwishia. Nilimwona yalivyomwishia, kama bomba lililokatwa maji. Akarudisha misumari mdomoni, akavuta kile kiatu, akashona kimya mpaka mwisho. Alikuwa na mkono mzuri kuliko mdomo wake, mwanangu. Watu hawakulijua hilo kwa sababu mdomo ulikuwa unatangulia.

Hakuwa mtu mbaya, wala mvivu. Alikuwa anaogopa kumaliza. Kiatu kikishakamilika, mwenyewe anakichukua anaondoka, na karakana inabaki na watu wawili wanaotazamana. Aliniambia hivyo siku moja, misumari ikiwa mdomoni, ndiyo maana niliamini.

Mwenye nyumba alikuja na yule muuza simu. Kijana akasimama katikati, akavuta pumzi, akaniuliza kama hii harufu ya gundi itatoka. Nikamwambia itatoka siku pua yake itakapozoea. Mwenye nyumba hakucheka. Zamani angecheka. Mei inakuja, na mita bado inamsubiri marehemu.

Usichelewe kuandika,
Mkaza mjomba wako


6 Mei

Mkaza mjomba wangu,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa, safari hii nina sababu ambayo si ya gundi. Mama anakusalimu, anasema kisa cha kuku ni cha kweli na kuku mwenyewe alikuwa wa jirani.

Mwaka jana kazini, kwenye mkutano wa kumwandikia Meno majibu, tuliulizwa kama kuna anayejua kumwondoa mteja mikono mitupu huku akishukuru. Mimi nilikuwa namjua mmoja. Wakati huo alikuwa hai, nilidhani nitakuja kumsimulia likizo, acheke. Likizo yenyewe niliisogeza. Basi.

Siyo hayo niliyotaka kuandika.

Nilipopata jibu lako kuhusu mkunga, kesho yake nilimwekea Meno benchi. Sasa mtu akirudi mara ya tatu na jambo lilelile, Meno anaruhusiwa kusema maneno yake matamu mara moja tu. Kisha ananyamaza, na mazungumzo yanakwenda kwa mtu mwenye pumzi. Sikuomba ruhusa kwa yeyote. Asubuhi ile ile, wale uliosikia habari zao, wanaocheka nyuma ya mlango, simu zao ziliita zote kwa pamoja. Mmoja alikuwa hajui simu yake ina mlio gani, akatoka nje akidhani ni moto.

Mkubwa wangu aliniita.

"Nani amekuruhusu kuwaacha wateja wafike kwa watu?"

"Walikuwa wamekaa muda mrefu," nikamwambia.

"Wamekaa wapi?"

Ameagiza fundi wa mitambo aliondoe benchi mara moja. Fundi amemjibu kwamba ombi lake limepokelewa na linashughulikiwa, kwa hiyo una muda wa kutosha.

Mimi nimetolewa kwenye kuandika, nimewekwa kwenye simu. Kutwa naongea na wenye hasira. Wanapiga kelele, nasema "eee," wanamaliza, tunaanza kazi. Usinionee huruma. Jana mzee mmoja alisema nina masikio ya mtu aliyelelewa.

Yale maneno ya mjomba sikuyafuta. Nilifungua mahali pa kuyafutia, nikafunga.

Mwandikie tena Meno. Ukishamwandikia usiubonyeze uso wowote, wala usiage. Kaa tu.

Mpwa wako


29 Mei

Mpwa wangu,

Kaa kitako usome, na kama mama yako yupo karibu msomee kwa sauti, lakini hapo pa kuku paruke.

Nilimwandikia Meno, nikakaa. Akasema lile neno la kupumzika, mara moja. Nililisoma taratibu. Halafu akanyamaza kweli, na mimi nikawa nakata ngozi simu ikiwa wazi mbele yangu. Baadaye ikalia. Mwanamume, ana mafua.

"Ninaongea na Badili Jina?"

"Ndiye mimi, baba. Pole na mafua."

Akashtuka kidogo. Nadhani hakuna aliyewahi kumpa pole. Akaniuliza shida, nikamweleza, akasema, "Aa, hilo tu?" Nikasikia anagonga gonga vitufe, na mita ikalia kama kifaranga. Imeandikwa jina la Badili Jina. Aliniuliza kama arekebishe, nikamwambia aache vivyo hivyo, huyo mwanamke ameteseka mno kupata umeme, asinyang'anywe.

Nimewasha mashine. Sikulia, usiwe na wasiwasi. Nilisimama karibu nayo mpaka vumbi la soli likanijaa machoni, basi.

Leo Ijumaa mwenye nyumba amekuja na muuza simu, na muuza simu amekuja na futi ya kupimia. Kuna jambo sikukuambia. Mwenye nyumba naye alikuwa na kiatu chake hapa, cha kahawia, cha mguu wa kulia, kimefunguka mdomo mbele. Alikileta zamani sana. Kila Ijumaa alikuja kukidai, akapewa sababu mpya, akajibizana na mjomba wako mpaka jua likazama, akaondoka anacheka peke yake barabarani. Nilipopata umeme nilianza na hicho. Nikadhani: nikimpa chake kimekamilika, ataona karakana inafanya kazi, ataniacha.

Nikamkabidhi. Akakigeuza, akakigonga kwa kidole, akakunja soli. Kazi haina doa, nakwambia mimi niliyeifanya.

"Tayari?" akasema.

"Tayari."

"Leo hii?"

"Leo hii, baba."

Nilidhani atafurahi. Alikishika kile kiatu kama mtu aliyerudishiwa posa. Muuza simu kashaanza kupima ukuta, anahesabu kwa sauti. Mwenye nyumba akanitazama, sura yote imemshuka.

"Sasa Ijumaa nitakuja kufanya nini?"

Mjomba wako angekuwa na jibu, tena la kumpeleka mtu mwaka mzima. Mimi nikavuta kiatu kingine, nikaendelea kusaga. Nilipozima mashine nikakuta ameketi kwenye benchi, anamkemea kijana: "Kunja hiyo futi yako, unatupigia kelele. Hapa ni kazini kwa watu."

Kijana akaondoka. Kisha mwenye nyumba akainama, akavua kiatu alichokuja nacho, cha mguu wa kulia, cheusi, kinang'aa mpaka unajiona. Akakiweka mbele yangu.

"Na hiki nahisi kisigino kinalegea."

Nikakikagua. Nikakitikisa. "Baba, hiki kizima kabisa."

"Kitazame vizuri, mama," akasema, anavaa kile cha kahawia. "Mimi sina haraka."

Akatoka hivyo hivyo, mguu mmoja kahawia na mwingine mweusi, anatembea katikati ya barabara kama bwana harusi.

Nimekiweka juu ya rafu, mwanangu. Sijui nitakimaliza lini, maana hakina ubaya wowote.

Mkaza mjomba wako, wa karakana